Marubani wanaojirekodi na mahakama ya watazamaji

NOVEMBA 24, mwaka 2021, ndege ndogo ya injini moja aina ya Taylorcraft, iliyoundwa mwaka 1940, ilipaa kutoka uwanja wa mji wa Lompoc katika jimbo la California, Marekani. Ndani yake alikuwamo mtu mmoja tu, rubani Trevor Jacob, aliyepata kuiwakilisha nchi yake katika mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwenye Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Sochi, Urusi, mwaka 2014.

Safari hiyo, kwa maelezo yake, ilikuwa ya kwenda Mammoth Lakes. Hakufika. Dakika zipatazo 35 baada ya kupaa, Jacob aliruka nje akiwa na parachuti mgongoni na kamera mkononi. Ndege ikaendelea bila mtu hadi ikaanguka katika vilima vikavu vya Msitu wa Taifa wa Los Padres.

Mwezi mmoja baadaye, Desemba 23, aliweka video ya tukio hilo katika mtandao wa YouTube. Maelezo yake yalikuwa kwamba injini ilimzimikia angani, hakuona mahali salama pa kutua, na kuruka ndiyo njia pekee aliyobakiwa nayo ya kuokoa maisha yake.

Mamilioni ya watu waliitazama video hiyo. Wapo waliompongeza kwa kunusurika. Lakini miongoni mwa watazamaji walikuwamo pia marubani, wakufunzi wa urubani na mafundi wa ndege, na hao hawakuitazama kama sinema. Waliirudisha nyuma, wakaisimamisha, wakaikuza, wakauliza maswali. Kabla mamlaka yoyote haijatamka neno hadharani, wao walikuwa wamekwisha kutoa hukumu: ndege ile haikuanguka, iliangushwa.

Mlango uliofunguka mapema

Kilichowashtua kwanza ni parachuti. Rubani wa ndege ndogo ya kawaida, akiwa katika safari ya kawaida, havai parachuti. Mafunzo yake humwelekeza kubaki na ndege hadi chini, kwa sababu ndege inayotua bila injini shambani au barabarani bado ina usukani, na rubani wake ana nafasi kubwa ya kutoka salama. Kisha walitazama kamera, zilizokuwa zimefungwa sehemu kadhaa za ndege kana kwamba kuna jambo lililokuwa likisubiriwa.

Baada ya hapo wakauona mlango. Mlango wa upande wa rubani ulionekana kufunguliwa kabla hata injini haijazimika. Huenda hili ndilo lililomwangusha Jacob kuliko yote, maana parachuti inaweza kutetewa, na kamera ni mapenzi ya mtu, lakini hakuna anayefungua mlango angani kwa ajili ya hitilafu ambayo bado haijatokea.

Wakasikiliza pia kimya chake. Rubani aliyepatwa na dharura hufundishwa kutaja shida yake redioni, na yapo masafa maalumu kwa ajili hiyo, ya megahezi 121.5, yanayosikilizwa na waongozaji wa ndege na marubani wengine walio karibu. Jacob hakuita. Hakuonekana kujaribu kuiwasha injini upya, wala kuielekeza ndege kwenye maeneo ya wazi yaliyoonekana katika video yenyewe.

Jambo hili la mwisho linahitaji maelezo, kwa kuwa ndipo mtazamaji wa kawaida na rubani wanapoachana. Watu wengi hudhani ndege ikizimika injini huanguka kama jiwe. Sivyo. Mbawa huendelea kufanya kazi yake ilimradi ndege inasonga mbele, na rubani huelekeza pua chini kidogo ili kulinda mwendo huo. Cessna 172, ndege ndogo inayojulikana sana katika shule za urubani, ikizimika injini ikiwa futi 5,000 juu ya ardhi huweza kuteleza hewani kwa zaidi ya kilomita 12 pasipokuwapo upepo mkali. Huo ni muda wa dakika kadhaa wa kufikiri, kuita redioni, kujaribu injini na kuchagua mahali.

Aprili 11, mwaka 2022, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilimfutia Jacob leseni. Hoja zilizomo katika uamuzi huo zilikuwa karibu zilezile zilizokwisha kuandikwa na watazamaji: mlango, redio, injini ambayo haikujaribiwa, maeneo ya kutua yaliyopuuzwa.

Hata hivyo, liko jambo ambalo watazamaji hawakuliona, kwa sababu halikuwekwa kwenye video. Siku mbili baada ya ajali, Jacob aliitaarifu Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, NTSB, ambayo ndiyo huchunguza ajali za ndege nchini humo. Aliambiwa kuwa ana wajibu wa kuyahifadhi mabaki ya ndege. Yeye akadai kuwa hajui yalipo. Desemba 10, kabla video haijatoka, alikwenda eneo la ajali kwa helikopta akiwa na rafiki yake, wakayafunga mabaki kwa mikanda, wakayanyanyua na kuyaondoa msituni. Baadaye aliyakatakata na kuyatupa vipande vipande katika mapipa ya taka.

Mwaka 2023 alikiri mahakamani kosa la kuharibu na kuficha ushahidi kwa nia ya kuzuia uchunguzi wa serikali. Alikiri pia kuwa tangu mwanzo alikusudia kuruka na kuiacha ndege ianguke, na kwamba video ilikuwa sehemu ya mkataba wa kuitangaza bidhaa ya kampuni inayotengeneza pochi. Desemba 4 mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miezi sita.

Kwa hiyo, katika shauri hilo watazamaji waliuona mlango lakini hawakuiona helikopta. Walipatia kuhusu urubani wake. Jinai iliyompeleka gerezani ilifichuliwa na wapelelezi.

Kutoka kaseti hadi kamera ya kidole

Kuonyesha watu chumba cha rubani si jambo jipya. Tangu miaka ya 1990 zilikuwapo kampuni zilizopewa ruhusa na mashirika ya ndege kuingia na kamera katika chumba hicho, kisha zikauza kaseti, na baadaye diski, kwa wapenzi wa ndege. Filamu hizo zilipangwa vizuri, zilipitiwa na wenye shirika, na rubani aliyeonekana humo alikuwa amevaa sare yake bora.

Mambo mawili yaliubadilisha utaratibu huo. YouTube ilianzishwa mwaka 2005. Miaka michache baadaye zikaenea kamera ndogo ngumu, maarufu zaidi ikiwa ni GoPro, zinazoweza kubandikwa kwenye kioo, chini ya bawa au kwenye kofia. Rubani wa ndege yake binafsi hakuhitaji tena mpiga picha, shirika wala ruhusa ya mhariri. Waya mmoja kutoka kwenye vifaa vya kusikilizia ulitosha kunasa pia mazungumzo yake na waongozaji wa ndege.

Walioitumia nafasi hiyo si wa aina moja. Wapo walimu, kama Petter Hörnfeldt, raia wa Sweden na rubani wa Boeing 737, ambaye katika chaneli yake ya Mentour Pilot huzichambua ripoti rasmi za ajali kwa utulivu wa darasani. Wapo wanaozungumzia ajali zikiwa bado mbichi, kama Juan Browne wa Marekani, rubani wa ndege kubwa za abiria. Wapo wanaotua kwenye kingo za mito na juu ya milima kwa ndege zenye matairi manene, ambao watazamaji huwafuata kwa ajili ya mandhari na pumzi iliyoshikwa.

Na wapo wale wanaojianika. Steve Thorne wa Canada, mwenye chaneli ya FlightChops, alijijengea jina kwa kuonyesha makosa yake mwenyewe, kuyasimamisha katikati ya picha na kuuliza ni kitu gani kilipaswa kufanywa tofauti. Kwa rubani wa wikiendi, asiyeajiriwa na shirika lolote na asiye na nahodha mkubwa wa kumkosoa, njia hiyo ina faida iliyo wazi. Anapata wakaguzi wengi kwa mara moja, na baadhi yao wana uzoefu wa maelfu ya saa angani.

Kishindo si kosa

Swali ni jinsi wakaguzi hao wanavyohukumu. Mtazamaji wa kawaida hutumia kipimo kimoja kuliko vyote: ulaini wa kutua. Ndege ikigusa ardhi bila kutikisika, rubani ni hodari. Ikigusa kwa kishindo, rubani hafai.

Marubani wenyewe hawakubaliani na kipimo hicho. Juu ya njia iliyolowa maji, mguso mzito kiasi ndio unaotakiwa. Magurudumu yanapaswa kupenya utando wa maji na kuanza kuzunguka, mitambo inapaswa kutambua kuwa uzito umekwisha kushuka juu ya matairi, vibao vya juu ya mbawa vinyanyuke na breki zianze kazi. Rubani anayeielea njia kwa mita mia kadhaa akitafuta mguso wa hariri ameitumia bure barabara ambayo angeihitaji kusimama. Video yake itasifiwa, na mkufunzi wake atakunja uso.

Mtazamaji anayeijua kazi hutazama mapema zaidi. Hutafuta saa ya mwendo na kuangalia kama sindano imetulia. Katika mashirika ya ndege kanuni inayotumika sana ni kwamba, kunapokuwa na hali nzuri ya hewa, ndege inapofika futi 500 juu ya uwanja inapaswa kuwa imekwisha kupangwa: mwendo sahihi, magurudumu chini, mbawa katika hali ya kutulia, kasi ya kushuka inayokubalika. Kama sivyo, rubani anapaa tena na kuzunguka. Ndiyo maana video ya rubani aliyeghairi kutua, ambayo wengi huiona kama ya kushindwa, mara nyingi hupata sifa kubwa kutoka kwa wenye kazi yao.

Hutazama pia kona ya mwisho kabla ya kuelekea njia ya kutua. Hapo ndege iko chini, mwendo ni mdogo, na rubani aliyepitiliza kidogo huvutwa na tamaa ya kuikaza kona ili airudie njia. Mbawa zikikosa mwendo wa kutosha hupoteza uwezo wa kuibeba ndege, nayo huanza kujipinda kuelekea ardhini pasipo na kimo cha kuiokoa. Marubani wengi wamekufa katika kona hiyo. Anapoiona imekazwa kwenye video, mwenye uzoefu huandika onyo, hata kama ndege ilitua salama.

Lakini kamera nayo ina udanganyifu wake. Lenzi pana ya kamera hizi ndogo huonyesha njia ya kutua kuwa mbali na nyembamba kuliko rubani anavyoiona kwa macho. Pangaboi linalozunguka huonekana limepinda kama mundu au limekatika vipande vinavyoelea, kwa sababu kamera husoma picha mstari kwa mstari ilhali pangaboi halingoji. Kila mara hujitokeza mtu wa kumwonya mwenye video kuwa ndege yake imevunjika!

Vipo pia visivyoonekana kabisa. Uzito wa mizigo hauonekani. Upepo hauonekani, isipokuwa kwa bendera ya uwanjani kama imeangukia ndani ya picha. Ndege kubwa inayotua katika upepo wa ubavuni huja ikiwa imeelekeza pua pembeni, na asiyejua huona kama rubani amelewa. Hata hewa yenyewe haionekani. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, wakati ule wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam hauzidi futi 200. Ndege ileile, yenye mzigo uleule, huhitaji mbio ndefu zaidi kupaa Wilson kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Anayelinganisha video mbili za viwanja hivyo bila kulijua hilo atamwona rubani wa Nairobi mzembe, au ndege yake mbovu.

Zaidi ya hayo, kamera iliyo kwenye kofia huonyesha kichwa cha rubani kilikoelekea. Haionyeshi alichokuwa akikifikiri.

Mpito mmoja, hukumu tatu

Mfano mzuri wa ugumu huo ni shauri la Trent Palmer, rubani wa Nevada anayejulikana kwa video za kutua nyikani. Novemba 2019 alipita chini sana juu ya eneo la nyumba ya rafiki yake, kisha hakutua. Kamera ya usalama ya jirani ilinasa mpito huo na malalamiko yakafika FAA.

Sheria ya Marekani humkataza rubani kukaribia watu, magari au majengo chini ya futi 500 katika maeneo yasiyo na watu wengi, isipokuwa pale inapolazimu kwa ajili ya kupaa au kutua. Palmer alijitetea kuwa alikuwa akiikagua sehemu aliyokusudia kutua, kama wanavyofundishwa marubani wa nyikani, na alipoona haifai akaondoka. FAA ikasema hapakuwa mahali pa kutulia ndege, hivyo hapakuwa na sababu ya kushuka kiasi kile. Ilitaka leseni yake isimamishwe kwa siku 120. Jaji aliyesikiliza shauri mwaka 2022 alimpata na hatia lakini akapunguza adhabu hadi siku 60. Mwaka 2023 Bodi ya NTSB ikazirudisha siku 120.

Palmer aliueleza upande wake kwa watazamaji wake, nao wakagawanyika. Wengine waliona mtu anaadhibiwa kwa kuwa mwangalifu, kwamba adhabu hiyo itawafanya marubani watue mahali wasipopakagua. Wengine waliona kijana aliyepita kwa mbwembwe juu ya nyumba za watu, akapata hoja baadaye.

Marubani wa ndege za watalii wa Serengeti na Maasai Mara wanaweza kuielewa hoja ya kwanza bila kufafanuliwa. Kabla ya kutua kwenye kiwanja cha changarawe ni kawaida kupita kwanza juu yake kuangalia, na ikibidi kuwafukuza, nyumbu au twiga waliosimama njiani. Ukiiona video ya mpito huo bila sauti wala maelezo, huwezi kuutofautisha na ule wa kujionyesha. Kinachoutofautisha ni nia ya rubani, kiwanja kilichopo chini na wanyama waliopo au wasiokuwapo.

Upande wa pili wa mambo uko mkasa wa Luke Aikins na Andy Farrington, waruka parachuti na marubani wa Marekani. Aprili 24, mwaka 2022, walijaribu huko Arizona kuruka kila mmoja kutoka ndege yake na kuingia katika ndege ya mwenzake zikiwa zinashuka bila mtu, tukio lililorushwa moja kwa moja kwa watazamaji. Mmoja alifanikiwa. Ndege ya pili ilijizungusha na kuanguka, ingawa hakuna aliyeumia. Siku mbili kabla, FAA ilikuwa imeyakataa maombi yao ya kusamehewa kanuni inayomtaka rubani abaki kwenye kiti chake. Wote wawili walifutiwa leseni. Watazamaji wengi waliwaona kuwa mashujaa, maana hawa hawakudanganya mtu, lakini kwa sheria hilo halikubadili lolote.

Ungamo lisilo na kinga

Marubani wa mashirika ya abiria wamebanwa zaidi. Septemba 11, mwaka 1974, ndege ya Eastern Air Lines iliyokuwa ikijiandaa kutua Charlotte, Marekani, ilianguka na kuua zaidi ya watu 70. Wachunguzi walibaini kuwa marubani walikuwa wakizungumza mambo yasiyohusu safari, yakiwamo ya siasa, huku ndege ikishuka chini ya kimo salama. Kutokana na mikasa ya namna hiyo, mwaka 1981 FAA iliweka kanuni kwamba chini ya futi 10,000 chumba cha rubani kiwe kimya kwa lolote lisilo la kazi. Mwaka 2014 ikaongeza katazo la marubani wa mashirika kutumia simu na kompyuta kwa mambo binafsi wakiwa kazini.

Kwa hiyo, picha ya machweo iliyopigwa na rubani wa abiria wakati wa kupaa, hata ikisifiwa vipi kwa uzuri wake, inaweza kuwa ushahidi dhidi yake. Na wanaomshitaki mara nyingi ni mashabiki walewale, waliozihesabu futi kwenye saa iliyo nyuma ya picha.

Hapa ndipo mahakama ya watazamaji inapogongana na utamaduni wa zamani wa usalama wa anga. Tangu mwaka 1976 Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, huendesha mfumo wa kupokea taarifa za siri za marubani. Rubani aliyevunja kanuni bila kukusudia, akaripoti ndani ya siku 10, jina lake huondolewa katika taarifa na kwa kawaida huepushwa na adhabu, ilimradi hakuna ajali wala jinai. Uingereza nayo ina mfumo wake wa siri tangu mwaka 1982. Wazo lililo nyuma yake ni jepesi: atakayeadhibiwa kwa kusema kosa lake atalificha, na kosa lililofichwa litamuua mwingine.

Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaozifunga pia Tanzania na Kenya kama wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kinasema kuwa lengo pekee la uchunguzi wa ajali ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Kiambatisho hichohicho huzilinda sauti na picha zilizonaswa ndani ya chumba cha rubani zisitolewe ovyo.

Rubani anayeiweka hadharani video ya kosa lake anatoa ungamo lilelile, ila bila kinga yoyote. Jina lake lipo, namba ya ndege yake ipo, na wanaomsikiliza hawana kiapo wala kikomo cha muda. Hali hiyo huwasukuma wengi kuweka tu safari zilizokwenda vizuri, na hivyo mwanafunzi wa urubani anayejifunza kwa kutazama hujikuta katika ulimwengu ambao kila mtu hutua sawasawa.

Mwishoni mwa mwaka 2023, rubani mmoja mwanamke wa Marekani, aliyekuwa akionyesha mtandaoni hatua zake za kujifunza, alifariki dunia pamoja na baba yake ndege yao ndogo ilipoanguka katika jimbo la Tennessee. Katika baadhi ya video zake alionekana akitaabika na mtambo wa kuiongoza ndege yenyewe. Baada ya ajali, watu wengi waliokuwa hawajapata kuzitazama walizifungua na kutangaza kuwa dalili zilikuwa wazi tangu mwanzo.

Huenda zilikuwa wazi. Lakini ushauri wa mkufunzi unapoandikwa mstari mmoja chini ya tusi na mstari mmoja juu ya kejeli, si rahisi kwa anayeushughulikia kuutenga, na anayetukanwa kila siku hujifunza kutosoma kabisa. Kumwona mtu akielekea hatarini ni kazi ndogo kuliko kumfikishia neno kwa namna atakayolipokea, na mkufunzi aliyekaa kiti cha pili ana nafasi hiyo kuliko watazamaji laki moja.

Kadi iliyopatikana Watkins

Liko suala la mwisho ambalo watazamaji huligusa mara chache, nalo ni kamera yenyewe kama abiria mwenye kudai kuangaliwa. Rubani anayejua anatazamwa hutabasamu, hueleza, hugeuza uso. Kila tendo huchukua sekunde, na sekunde hizo hutolewa katika kazi nyingine.

Mei 31, mwaka 2014, muda mfupi baada ya saa sita usiku, ndege ndogo aina ya Cessna 150 ilianguka karibu na Watkins, nje kidogo ya jiji la Denver, jimbo la Colorado. Rubani na abiria wake mmoja walikufa. Katika eneo la ajali ilipatikana kamera aina ya GoPro, na wachunguzi wa NTSB wakaweza kuisoma kadi yake.

Humo walimkuta rubani na abiria wa safari fupi zilizotangulia wakijipiga picha kwa simu zao. Katika safari ya usiku waliwasha hadi taa za simu hizo, ndege ikiwa inakimbia kupaa na ilipokuwa ikizunguka uwanja. Bodi iliamua kuwa rubani alipoteza mwelekeo gizani na kushindwa kuidhibiti ndege, na kwamba huenda matumizi ya simu akiwa chini yalichangia kumwondoa akili kwenye kazi yake.

Safari ya mwisho haikuwamo katika kadi hiyo.